Dakika arobaini zilizofuta alama za kaka

Saa mbili na robo asubuhi, Fundi Viti amelala kifudifudi kwenye sakafu ya banda la gari, shavu moja chini, jicho moja likichungulia kiputo cha pimamaji. Kiputo kinakimbilia kushoto. Anaguna, anachomeka kipande chembamba cha bati chini ya mguu wa mashine, anachungulia tena.

"Sakafu hii ilimwagwa kwa mteremko, maji ya kuoshea gari yatoke nje," anamwambia mwandishi wa habari akiwa bado huko chini. "Gari tuliuza mwaka juzi. Sakafu haijapata habari."

Kila Jumatatu ni hivyo. Mashine ikiinama hata kwa unene wa kucha, miguu ya kiti hutoka mmoja mrefu mmoja mfupi, na mteja anayumba kama yuko kwenye bembea. Anainuka, anapangusa magoti na kuwasha kompyuta. Kisu kinashuka, kinaanza kuzunguka, na banda zima linavuma.

Ni mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kufuata mchoro ulio ndani ya kompyuta, bila mkono wa mtu. Majirani wameshaibatiza Kinyozi, kwa sababu ikianza kunyoa haisikii ombi.

Mwenyewe ana miaka hamsini na mmoja, na jina la Fundi Viti alipewa na wateja. Zamani yeye na kaka yake walitoa viti vinne kwa mwezi. Sasa, peke yake na Kinyozi, anatoa kumi na kimoja. Mashine ilimgharimu bei ya viti sitini, na zaidi ya nusu ya gharama hiyo imesharudi. Mtu mwingine angekuwa anatembea kifua mbele na kuitikia salamu kwa nyusi. Huyu ukimpongeza anatazama viatu vyake.

"Hongera usinipe," anasema. "Ukijua nilichofanya humu ndani, hutanipa."

Alichofanya kinaonekana, ukielekezwa pa kutazama. Chini ya kisu, mbao zinapolazwa na kubanwa, kuna ubao mmoja mpana wa unene wa inchi tatu, mweusi ubavuni kwa jasho na gundi ya miaka mingi, lakini juu ni mweupe na laini kama sahani iliyooshwa. Hicho ndicho kitanda cha mashine. Mpaka miezi minne iliyopita, ubao huo ulikuwa meza ya kazi ya kaka yake.

Kaka amemzidi miaka tisa. Fundi alipopunguzwa kazi ghalani akiwa na miaka ishirini na minane, na mke mjamzito nyumbani, kaka alimwita humu bandani, akampa msasa, akamwambia, "Anza na huo. Ukichoka, geuza upande." Tangu hapo wakawa chanda na pete kwa miaka ishirini na mitatu.

Kaka hakuwa mtu wa karatasi. Vipimo vyake vyote alivichora juu ya meza kwa ncha ya kisu: mpindo wa mgongo wa kiti, mlalo wa miguu ya nyuma, kimo cha mkono. Alama kumi na moja. Mwenye nyonga mbovu alikuwa na alama yake, mrefu yake, mama anayenyonyesha yake. Mteja akiingia getini kaka alimtazama anavyotembea, na kabla hodi haijaitikiwa ameshajua ni alama ipi.

"Watu walimwambia, fundi, andika vipimo vyako kwenye daftari," anakumbuka Fundi, akicheka kidogo. "Akasema daftari litapotea. Meza ina miguu minne na haijawahi kwenda popote."

Kazi waligawana hivi: kaka alichora, mdogo akakata. Kwa miaka ishirini na mitatu Fundi alilaza mbao juu ya alama hizo, akafuata mstari kwa penseli, akakata. Viti vikasifiwa mtaa mzima kwa kutouma mgongo.

"Lakini sikuwahi kumuuliza alama imetoka wapi, kwa nini hapa inapinda na pale hapana. Mbao, mstari, msumeno. Nilikuwa naona ufundi ni wangu pia. Ufundi! Nilikuwa nafuatisha tu."

Mwaka jana kaka alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamjia moja moja. Akahamia chumba cha mbele cha nyumba hii hii, ili mdogo wake na shemeji yake wamtunze. Wakati huo huo ukaja mkataba wa viti arobaini vya ukumbi wa mikutano, na mikono iliyobaki bandani ilikuwa miwili. Kaka mwenyewe ndiye aliyesema neno: "Nunua."

Mashine ilifika ndani ya makasha matatu, vipande vipande. Kuiunganisha kulichukua siku sita. Mke wa Fundi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akimsomea maelekezo kutoka kwenye simu, naye akikaza nati.

"Alikuwa anasoma kwa madaha, kama barua ya posa," anasema mumewe.

"Ningesoma kwa haraka ungekaza masikio yako badala ya nati," anajibu mke kutoka mlangoni, na kuendelea kukung'uta mkeka.

Siku ya pili umeme ulikatika mara tano, mpaka wakagundua kwamba mashine na pasi haziwezi kula sahani moja. Siku ya nne reli moja ilifungwa kichwa chini. Siku ya sita wakafungua kasha la mwisho wakakuta ubao wa kitanda umepasuka njiani, vipande viwili. Muuzaji akaomba radhi kwa simu: mwingine ungechukua wiki tatu.

"Mke wangu akaniambia, 'Wiki tatu si mwaka, ngoja.' Mimi nina viti arobaini kichwani. Nikageuka, nikaiona meza ya kaka. Pana, nzito, haijapinda hata kidogo. Nikaona, kumbe Mungu ameshaniwekea."

Alikwenda chumba cha mbele kuomba ruhusa. Hilo alilifanya, na analisema mara mbili ili lieleweke. "Nilimwambia, 'Kaka, naomba meza iwe kitanda cha mashine.' Akasema, 'Chukua.' Yeye alijua mashine itakaa juu ya meza, basi. Na mimi wakati ule nilijua hivyo hivyo."

Akaing'oa miguu, akaufunga ubao kwa boliti. Alipoupima, upande mmoja ulikuwa chini kwa milimita mbili. Akampigia muuzaji tena. Muuzaji akacheka, akasema hiyo ni kazi ndogo: mashine hujitengenezea kitanda chake yenyewe. Ipe amri ichonge ubao wote kwa kina cha milimita tatu, utalala kama kioo.

Alama za kaka zilikuwa na kina cha milimita mbili.

"Niliziona," anasema Fundi. Anazima mashine ili asilazimike kupaza sauti. "Watu wanadhani sikuziona. Niliupangusa ubao kwa kitambaa, zikawa wazi kama mistari ya kiganja. Lakini nilikuwa nawaza usawa. Usawa, usawa, usawa. Kichwa chote kilikuwa pimamaji."

Asubuhi ya siku hiyo kaka aliomba avalishwe shati safi. Hakuwa ametoka chumbani kwa wiki mbili. Akatoka kwa mkongojo, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda aone mashine ikizinduliwa. Shemeji yake alikuwa amekwenda sokoni. Fundi akavaa miwani, barakoa na vifuniko vya masikio, akabonyeza.

Kisu kilianzia kona ya mbali, kikaenda na kurudi, kikisogea mbele upana wa vidole viwili kila safari. Unga wa mbao ukaruka. Kilikuwa hakijafika theluthi ya ubao pale Fundi alipoinua macho, akamwona kaka yake ameunyanyua juu mkono wa kushoto, ule mzima, na mdomo unatikisika.

"Nikajua amefurahi. Kaka yangu amefurahi, amevaa shati, ananipongeza." Anapunga mkono hewani kuonyesha. "Nikampungia mkono. Mwandishi, nilimpungia mkono! Nikageuka nikaendelea kutazama mashine."

Dakika arobaini baadaye alizima, akavua vifuniko, akapitisha kiganja juu ya ubao. Laini. Akageuka kumwita kaka aje aguse. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Hapo, anasema, ndipo kichwa kilipomrudia.

"Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alizaliwa siku hiyo hiyo."

Linalomtafuna zaidi ni wepesi wa kuepuka yote hayo. Karatasi moja kubwa na penseli, dakika kumi. Au simu. Simu ilikuwa mfukoni! Siku hiyo alipiga picha kumi na saba, na zote ni za mashine: mashine kwa mbele, mashine kwa ubavu, mashine na yeye mwenyewe ameegemea kama bwana harusi. Katika picha moja tu, pembeni kabisa, unaonekana mstari wenye urefu wa kidole ukiingia kivulini. Ameikuza mpaka imekuwa ukungu.

Kuna anayeweza kuuliza, si amwombe kaka azichore upya? Aliomba, wiki ileile. Kaka alishika penseli kwa mkono wa kushoto, akaitazama karatasi, akairudisha. "Mkono ndio uliojua," alisema. "Mimi sijui."

Tangu hapo kaka hajakanyaga bandani. Hakugomba wala hakununa. Wanakula meza moja, wanatazama taarifa ya habari pamoja. Kila asubuhi Fundi anasema, "Shikamoo kaka," na kaka anajibu, "Marahaba."

"Angeninyima hiyo marahaba ningejua pa kuanzia," anasema Fundi. "Sasa nianzie wapi? Miezi minne nataka kumuuliza neno moja: ule mkono, ulikuwa unaniambia nini? Nalijua jibu, ndiyo maana siulizi."

Viti vya sasa havina kasoro ya kuonekana. Mkunga mmoja wa mtaa wa pili, aliyekaa kwenye kiti cha kaka kwa miaka kumi na miwili, aliagiza cha pili kwa ajili ya binti yake. Alikikalia, akainuka, akakikalia tena. Akasema, "Kizuri." Kisha akauliza kama kaka anaendelea vyema. Fundi anasema afadhali angetukanwa.

Ndiyo maana sasa Jumamosi zake zote ni za kubisha hodi. Anawatafuta wateja wa zamani, anawaomba awapindulie viti, analaza karatasi juu ya mgongo wa kiti, kisha juu ya miguu ya nyuma, na kufuatisha kwa penseli. Amepata karatasi sita. Za mpindo wa mgongo anaziamini. Za miguu ya nyuma zinagongana, na hajui ipi ni sahihi na ipi ni ya siku ambayo yeye mwenyewe alikata ovyo. Anayejua ni mmoja tu, na Fundi hajathubutu kumwonyesha.

Saa nne mwandishi anaomba kumwamkia kaka. Yuko chumba cha mbele, karibu na dirisha, blanketi magotini, ndevu zimenyolewa vizuri. Fundi anaingia nyuma akiwa na glasi ya maji, na mkewe anasimama mlangoni. Waandishi tuna ufidhuli wetu. Swali ambalo mwenye nyumba amelishindwa kwa miezi minne, mgeni wa saa mbili analiuliza: siku ile, mzee, mkono uliuinua kwa ajili gani?

Glasi inagota mezani. Mke wa Fundi anashika fremu ya mlango.

Kaka anamtazama mwandishi, anamtazama mdogo wake.

"Nzi," anasema. "Kulikuwa na nzi."

"Shemeji," anasema mke wa Fundi taratibu, "lile vumbi na kelele zile, nzi gani angekaa?"

"Nzi. Andika hivyo."

Fundi amesimama katikati ya chumba. "Hapakuwa na nzi, kaka," anasema. "Ulikuwa unaniambia nisimame. Nisamehe. Nilikuona, nikakupungia mkono."

Kaka anafumba macho. Anapoyafumbua yamejaa maji.

"Mdogo wangu," anasema, neno moja moja, "nakupa nzi. Chukua."

Fundi analia waziwazi, bila kuutafuta mkono wa shati. Mkewe anamsogezea kigoda, akae karibu na miguu ya kaka yake. Mwandishi anaona ni adabu kufunga daftari.

Ni kaka anayeanza kuongea. "Jumamosi unakwenda wapi?"

"Kwa mkunga. Kupima kile kiti chake cha zamani."

"Usipime mgongo tu. Mguu wa nyuma. Ule ndio..." Neno linamponyoka. Anauinua mkono wa kushoto, anaulaza hewani, vidole vikielekea nyuma kidogo, kisha unaanguka juu ya blanketi.

Fundi anausogeza mbele uso wake. Hatikisi kichwa wala haitikii.

"Sijaelewa, kaka," anasema. "Rudia."

Na kaka anauinua tena mkono.