Hukumu ya Mazoezi

Wakati wa Mwingereza chuo kikuu hatukuwa nacho. Waliotaka kujifunza mambo ya jinai tulipewa kozi ya serikali kwenye banda la bati, Kinondoni: namna ya kushitaki, kuhukumu na kufunga. Ukifaulu, milango ilikuwa mitatu: polisi, jela, mahakama. Mie niliihesabu mara mbili, nikaona wa mahakama ndio pekee wenye kiti.

Kozi ilipokaribia kwisha, mwalimu wetu Mzungu akataka tufanye kesi ya mazoezi, ya mauaji. Jaji angekuwa yeye mwenyewe. Mshitakiwa akakosekana, kila mtu alitaka kuwa mwendesha mashitaka. Nikatumwa kutafuta mtu, nikamleta jirani yangu wa Temeke, mchongaji vinyago kutoka kusini, mpole hata kwa kuku. Alitaka shilingi mbili. Nikamshusha hadi moja na chai.

Mwalimu akasoma hukumu kwa Kiingereza, mwenzetu akaitafsiri kwa sauti nzito: "Utanyongwa kwa kamba mpaka ufe." Papo hapo kengele ya chai ikalia, tukatoka mbio. Fundi wangu wa vinyago akabaki peke yake kizimbani, yaani katikati ya madawati mawili, akingoja wa kumwambia atoke.

Njiani kurudi Temeke akaniuliza, "Bwana, ile hukumu wameifuta saa ngapi?"

"Ifutwe nini? Ule mchezo tu."

"Najua mchezo. Nauliza wameifuta saa ngapi."

Nilicheka. Lakini baada ya wiki kadhaa mkewe alinijia. "Shemeji, mwenzio hachongi tena. Anagawa patasi. Gari likisimama nje, anavaa shati safi, anakaa kungoja achukuliwe."

Nikaenda kwa mwalimu, nikamwomba aje amfutie. Akanijibu kwa upole kwamba hukumu ambayo haikutolewa haiwezi kufutwa. Kisheria hapo huna pa kumshika. Nikampelekea fundi jibu hilo kama lilivyo. Akalifikiri.

"Kama haikutolewa, mbona niliisikia?"

Mwalimu akarudi kwao Ulaya. Mie nikapata kazi ya ukarani mahakamani. Jumapili moja nikavaa koti na tai, nikasimama uani kwa fundi, nikatangaza kwamba ameachiwa huru. Mkewe alikuwa ameshika mwimo wa mlango.

"Ahsante," fundi akasema. "Lakini wewe karani. Karani anamfungulia aliyehukumiwa na jaji?"

Nikabaki na kazi niliyokuwa nikiijua kabla ya kozi: kupatana bei.

"Basi tupunguze. Iwe kifungo. Miaka miwili."

"Miwili, kwa roho ya mtu? Nani ataamini?"

"Mitatu, fundi. Nimekaza mwisho."

"Kumi na mitano."

Maisha yangu yote sijakutana na mnunuzi mwingine anayejipandishia bei. Tulisukumana hadi adhana ya alasiri, tukafunga kwa saba, kifungo cha kukaa Temeke bila kutoka. Asubuhi yake nikasikia nyundo yake ikigonga.

Alikitumikia. Bintiye alipoolewa Ubungo hakwenda. Alisindikiza wageni mpaka kwenye mnazi uliokatika kichwa, mwisho wa mtaa, ndipo mpaka wa kifungo chake, akageuka. Watu wakinicheka kwamba nina mfungwa wangu binafsi, nilikuwa nacheka nao, halafu usiku silali.

Homa ilimchukua mwisho wa mwaka wa sita. Wakati huo nilishakuwa hakimu, nimefunga watu na kuachia watu. Kabla jeneza halijatolewa, mkewe akanivuta pembeni.

"Shemeji, bado mwaka. Anatoka hapa kama nani?"

"Mtu huru, shemeji."

"Umehesabu vizuri?"

Wanaume walishainua jeneza. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya ule mnazi. Tulipoufikia, wabebaji wakasimama. Walikuwa wanabadilishana mabega tu, lakini mkewe, aliyebaki mlangoni na wanawake wenzake, alikuwa akinitazama mimi.

"Ruksa," nikasema, kwa sauti ya mahakamani.

Wakavuka.