Mvungu wa Nyumba Namba Tisa

Faina Yegorovna alikuja Yurshino, mji wetu wa makaa kaskazini, akiwa binti aliyetoka chuoni juzi tu, akapewa kazi ya kuchora nyumba za wachimba makaa, pamoja na misingi yake. Alisema atakaa miaka michache, kisha arudi kwao kwenye mto Izhma, ambako kuna misitu. Kwetu hakuna mti hata mmoja. Kuna theluji, upepo na mgodi, na siku hizi hata mgodi wenyewe umefungwa. Akaolewa na Rodion, fundi umeme wa mgodini, na habari za kurudi Izhma zikafifia.

Nyumba namba tisa aliichora yeye, na yeye mwenyewe akaishi humo, ghorofa ya chini. Mimi niliishi juu yake kabisa. Kila mpangaji mpya alimwuliza kwa nini nyumba yetu imesimama juu ya miguu kama kuku, kwa hiyo jibu lake nalijua kwa moyo.

"Chini huku ardhi imeganda tangu kabla ya mababu," alikuwa akisema. "Kiangazi inayeyuka ngozi yake ya juu tu, inakuwa uji. Baridi ikirudi, uji ule unaganda, unavimba, unasukuma juu kila kilichoshikamana nao. Ukijenga juujuu, nyumba yako itang'olewa kama jino. Ndiyo maana nguzo zimeshuka mpaka kule kusikoyeyuka. Na mvungu tumeuacha wazi upepo upite chini ya nyumba, ili joto la jikoni kwako lisiifikie ardhi."

Mgodi ulipofungwa, Rodion alikwenda Krasnodar, kusini kwenye joto, kutafuta nyumba ya kuhamia. Nyumba aliipata, na ndani yake akapata mwanamke. Hakurudi. Alimwachia Faina mama yake mzazi, Agafya Nikitichna, kikongwe mwenye ulimi wa wembe. Faina angeweza kumchukua wakaondoka wote wawili, lakini Agafya hakukubali hata kusikia. Mumewe aliangamia mgodini kwenye mlipuko, na mwili haukutolewa kamwe.

"Mtu wangu yuko humu chini," alikuwa akisema. "Sikumzika. Nitamwachaje?"

Basi wakabaki. Watu wakahama, madirisha ya jirani yakazibwa, duka likawa moja. Joto la mabomba ya maji ya moto yanayopasha nyumba likapungua mwaka hadi mwaka, na waliokaa chini wakaanza kuganda miguu. Ndipo Agafya alipowakusanya wanawake wenzake, wakamtafuta seremala mlevi, akapigilia mbao kuzunguka mvungu wote.

Siku ile nilikuwa jikoni kwao nikitengeneza bomba la sinki. Faina aliingia na theluji mabegani.

"Nani kaziba mvungu?"

"Mimi," akajibu Agafya, macho yake kwenye viazi alivyokuwa akimenya.

"Mama, nimekwambia mara ngapi? Upepo usipopita, ardhi inalainika."

"Ardhi ipate upepo, mimi nipate baridi yabisi. Kumbe mkwe wangu umeolewa na nguzo."

"Nguzo hazikunikimbia."

Agafya akacheka kwa pua. "Hapo umenipata," akasema, akaendelea kumenya.

Faina alizing'oa mbao zile kwa mikono yake. Vuli iliyofuata zikarudi, akazing'oa tena. Ikawa hivyo kila mwaka, mpaka mwaka mmoja akaziacha. Nilimkuta ngazini, nikamwuliza vipi.

"Savvatey," akaniambia, "nimechoka kugombana na mwanamke mwenye miguu baridi."

Hatukujua, hata yeye hakujua, kwamba nyuma ya mbao zile, kwenye kona ya nyumba, bomba la maji ya moto lilikuwa linavuja. Lilivuja majira yote ya baridi. Mvungu ungekuwa wazi, hata mtoto angeuona mvuke.

Mwisho wa Agosti, uji wa ardhi unapokuwa umefika kina chake chote, nilikuwa nanyoa ndevu asubuhi niliposikia mlio kama wa chungu kikubwa kinachopasuka. Kioo kiliteleza kutoka ukutani. Tulikimbilia nje wote tuliokuwa tumebaki, tukahesabiana uwanjani. Faina na mama mkwe wake hawakuwapo.

Nilirudi mpaka mlangoni kwao. Mlango ulikuwa wa chuma, wa zile nyakati wezi walipozidi, na fremu ilikuwa imepinda ikaubana kama mdomo uliofumbwa. Nikanyanyua mtaimbo.

"Usiupige," Faina akaniambia kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Sijui hiyo fremu imebeba nini sasa. Njoo dirishani."

Dirisha nalo lilikuwa na nondo, za nyakati zilezile. Nikaleta msumeno wa chuma, nikapanda juu ya pipa, nikaanza kukata. Wao walikuwa upande wa pili wa kioo kilichovunjika, karibu kiasi cha kunipa mkono. Nyuma yao ufa ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi sakafuni, na mara kwa mara vumbi la chokaa lilimwagika humo.

"Tutafia humu?" Agafya akauliza.

"Sijui, Mama. Nguzo za kona zimelegea. Kama za katikati bado zimeshikwa, nyumba itasimama. Kama maji ya moto yamezifikia, basi."

"Maji gani?"

"Husikii harufu ya unyevu? Bomba lilikuwa linavuja huko chini."

Msumeno wangu ulikwama, nikauchomoa, nikaanza upya.

"Zile mbao," kikongwe akasema.

"Ndiyo."

"Niliziweka mimi."

"Najua. Na mimi niliziacha." Faina akaketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta mzima. "Rodion alipoacha kuandika, nilitaka kuondoka, Mama. Peke yangu. Nilishafunga sanduku."

"Nililiona. Nikalikalia."

"Nilidhani unapumzika."

"Nilikuwa naogopa," Agafya akasema.

Niliendelea kukata huku nikijifanya kiziwi. Nondo mbili zilipotoka, nafasi ikatosha. Faina akamwinua kikongwe, akataka kumpitisha miguu kwanza ili nimpokee vizuri. Agafya akashika fremu ya dirisha kwa mikono yote miwili.

"Miguu mbele wanatolewa maiti," akasema. "Nigeuze."

"Mama, ukuta unashuka."

"Nigeuze, nimesema."

Ikabidi ageuzwe. Nilimpokea kichwa kwanza, akilalamika kwamba ninanuka sabuni. Faina alitoka mwisho. Alipofika chini akakaa matopeni, akaitazama nyumba yake. Kona ilikuwa imezama kama shubiri mbili. Nguzo za katikati zilikuwa zimeshika.

Namba tisa ikafungwa. Wawili hao wakapewa chumba na sebule katika namba kumi na mbili, nayo Faina ndiye aliyeichora, chumba kwa chumba sawa na ile. "Hata choo kiko palepale," Agafya akasema siku ya kuhamia, na hakuwa anatania.

Wakubwa wa mji wakamwomba Faina apite chini ya nyumba zake zote, aseme ipi idumu na ipi ifungwe. Alikubali. Nilikwenda naye kushika tochi. Alitambaa kwenye mivungu ile akigusa nguzo moja moja, na nyumba nyingi zilifungwa kwa neno lake. Siku moja nilimwuliza anajisikiaje.

"Shika tochi vizuri," akanijibu.

Dada yake aliyebaki Izhma amepiga simu tena majira haya ya baridi, akimwita arudi kwao. Agafya mwenyewe alimwambia aende. "Safari hii sitalikalia sanduku," alisema. Faina hakwenda. Watu wanasema ni huruma. Wengine wanasema ni mazoea, kwamba aliyezoea baridi joto humuumiza.

Jumapili niliwapelekea samaki. Agafya alikuwa ameweka miguu juu ya stuli, ndani ya buti za sufu, akimsema mkwe wake kwa sababu ya sakafu baridi. Nilimwuliza Faina kama kweli hataki kuondoka.

"Nataka," akasema. "Nataka kila siku." Akamwongezea mama mkwe wake chai.