Kitufe cha Kurudi

Mwaka wa nne huu nachora kurasa za programu za simu, na Fundi Mkuu anayeziunda ananiona si lolote si chochote. Juzi alifuta kitufe cha kurudi.

“Mapambo tu hayo, dada.”

Nikarudi mezani kwangu. Kimya kingi kina mshindo.

Kabla ya kutoa programu, tunamkabidhi simu mtu wa kawaida, tunamtazama, na ni marufuku kumsaidia. Kumtafuta mtu huyo ni kazi yangu. Nikamleta mama mzazi wa Fundi.

Ukurasa wa pili tu mama akakwama, akabonyeza huku na huku akitafuta pa kurudi, jasho likimtoka. Fundi akainuka. Nikamwonyesha kiti, akaketi.

“Aliyetengeneza kitu hiki,” mama akauliza, “alilelewa na nani?”

Nikamgeukia Fundi. “Kaka, sasa unaruhusiwa kusema.”