Mgeni Niliyemfunga Mkanda

Usije ukaniambia niliota. Mtu aliyeota haamki akakuta mafuta ya gari yamepungua na vumbi la Mugango liko kwenye kapeti. Haya ninayokusimulia yalinitokea mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, na ningefurahi sana kama yangekuwa uongo. Kwenye uongo mimi ni fundi. Hilo utaliona mbele ya safari.

Kazi yangu ni kuzungusha wageni. Sina kampuni kubwa wala basi la utalii. Nina gari moja, na namtengenezea mgeni safari yake ya siku moja vile anavyotaka. Anataka ziwa, nampeleka Mugango akaone dagaa wakianikwa. Anataka historia, Butiama. Anataka kufika Bunda akatazame nyumbu kwa mbali, twende. Ubavuni mwa gari nimeandika jina langu la kazi, fupi, la kizungu, ambalo mgeni yeyote analitamka bila shida.

Jina langu la nyumbani ni jingine. Ni la bibi mzaa baba, aliyefariki muda mfupi kabla sijazaliwa, tena bila kuacha hata picha moja. Kwetu mtoto mchanga akilia hanyamazi, hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mimi nilinyamaza kwa jina la bibi. Kwa hiyo shangazi yangu Veronika, binti wa bibi huyo, amekuwa akiniita "mama" tangu niko kwenye mbeleko. Mwanamke mzima anapiga magoti kumpa uji mtoto wa miaka michache, anasema, "Mama, kunywa." Usilisahau hilo.

Sasa asubuhi hiyo mteja wangu kutoka nje alighairi dakika ya mwisho. Nilikuwa nyumbani kwangu Bweri, hapa Musoma, gari nimeshaliosha, nimenuna. Nikageuka nikamkuta bibi mmoja amesimama karibu na mlango wa abiria, kitenge safi, sweta zito la sufu pamoja na joto lote lile.

"Mimi ndiye mgeni wako wa leo," akasema.

Nikadhani katumwa na watoto wake wa mjini, wapo wanaowapa wazazi zawadi za namna hiyo. Nikamwamkia, nikamuuliza anataka kuona nini. Akanipangia bila kusita: kwanza Mugango aone maji, halafu Kiabakari, halafu "kule unakopelekaga watu, karibu na Butiama," na jua likielekea kuzama nimfikishe Bunda. Nikacheka, nikamwambia safari yenyewe kaitengeneza vizuri kuliko mimi.

Nikamfunga mkanda. Siti hiyo ya mbele kifungio chake ni kibovu, kikishafungwa hakifunguki mpaka ukichokonoe kwa ufunguo kwa namna fulani, na namna hiyo naijua mimi peke yangu. Kila tulikosimama ilibidi nizunguke nimfungue. Nilipoinama nikasikia ananukia kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Harufu hiyo siku hizi huipati mjini.

Mugango alisimama akatazama ziwa, midomo ikimchezacheza. Kina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakamwamkia wote, mmoja mmoja, wengine wakiacha kazi na kujifuta mikono. Mimi hunisalimia kwa kichwa tu. Tuliporudi garini akaanza kugonga mlango kwa vifundo vya vidole. Ko ko ko, kimya. Ko ko ko, kimya. Njia nzima. Ilikuwa inaniudhi, lakini mgeni ni mgeni.

Kabla ya Kiabakari tukakutana na kundi la ng'ombe linavuka barabara. Halikuvuka. Lilikuja upande wake likalizunguka gari, na ng'ombe mmoja akaramba kioo chake kutoka chini mpaka juu. Mchungaji alichapa fimbo mpaka akachoka. Bibi akashusha kioo, akasema neno moja la Kizanaki polepole, kundi likaondoka.

"Bibi, hizi ng'ombe ulizifugaga wewe nini?" mchungaji akamtania.

"Mama zao," akajibu.

Tukacheka wote. Utaniuliza kwa nini sikushtuka. Mtu ukiwa kazini unafikiria mgeni aridhike, basi. Kiabakari nikaagiza sato na ugali wa udaga, ule wa muhogo, sahani mbili. Yake akaisogeza kwangu. "Kula wewe, mwenzangu. Mwenye safari ni wewe." Nikala zote mbili, naona haya hata kulisema hilo.

Ngoja sasa nikueleze "kule ninakopelekaga watu". Wageni wakitoka makumbusho ya Butiama huwa wanataka kitu ambacho hakiko kwenye vitabu vyao, kitu cha kuogofya kidogo. Nami nilikuwa nacho. Si mbali na hapo kuna boma, na nyuma ya boma kuna mawe makubwa, na kati ya mawe kuna kaburi na jiwe la kale la kusagia. Niliwaambia wageni kwamba hapo alizikwa mchawi aliyepanda fisi usiku na kusagia mifupa ya watu kwenye jiwe lile. Ili picha zitoke vizuri nikafunga kitambaa chekundu kwenye mti ulio juu ya kaburi, nikaweka pembe ya ng'ombe na kibuyu cheusi. Mwanzoni nilikuwa navitoa tukimaliza. Baadaye nikaona usumbufu, nikawa naviacha.

Kaburi lile ni la bibi yangu. Boma ni letu. Shangazi Veronika alikuwa anaishi pale peke yake, nami niliwaleta wageni siku za gulio, akiwa hayupo. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo huko kwenye mawe alikuwa hapandi kabisa. Halafu nikasikia kahamia Bunda. Waliosema walisema kaenda kupumzika. Sikumpigia simu. Nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa siku zote zimekuwa za gulio.

Basi nikampandisha mgeni wangu kule juu. Alipanda bila kuhema.

"Nisimulie," akasema, "kama unavyowasimuliaga wengine."

Nikamsimulia. Nilijituma kweli siku hiyo, niamini. Nikafanya sauti ya fisi, nikazunguka kaburi kwa kunyata, nikaonyesha mchawi alivyokuwa anasaga. Yeye amekaa kando ya jiwe la kusagia, kiganja chake kimetulia ndani ya lile shimo lililochimbika kwa miaka ya kusaga, kimeenea sawasawa.

"Aliitwaga nani, huyo bibi?"

"Jina lake halitajwi, bibi. Ukilitaja tu, fisi wanakuja." Hapo ndipo wageni wangu hupiga makofi.

"Mbona wewe wanakuita nalo," akasema, "na fisi hawaji?"

Jua lilikuwa utosini. Jasho likanikatika ghafla. Bweri yote hakuna anayelijua jina lile. Akainuka, akafungua kitambaa mtini, akakikunja, akakikunja tena, akakiweka kwapani. Ile pembe akaitupa majanini. Kisha akagonga jiwe kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, na mara moja nikakumbuka alichonisimulia shangazi nikiwa mdogo, kwamba mama yake alikuwa halali, anakaa nje na debe bovu analigonga mpaka kunakucha, fisi wasile ndama.

"Nilikuwaga naligonga usiku kucha," akasema, kana kwamba nimeuliza. "Na ndama ya jirani ilikuwaga humohumo ndani ya zizi langu."

Hakukasirika. Angenitukana, nadhani ningelala usingizi siku hizi. Aliniangalia tu kama unavyomwangalia mtoto aliyejichafua mbele za watu.

"Twende Bunda. Safari haijaisha."

Wewe ungekimbia? Ukimbie umwache bibi yako kwenye mawe? Nilimshusha, nikamfunga mkanda, na mkono wake uliponigusa ulikuwa wa moto, mkono wa mtu aliyekaa karibu na jiko. Tukashika njia ya Bunda. Yeye aligonga mlango njia nzima, na safari hii sikuudhika. Nilikuwa nataka kulia.

Mjini Bunda alinielekeza kona kwa kona, mpaka kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga. "Ingia uani," akasema. "Mimi nangoja hapa."

Shangazi Veronika alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anachambua maharage. Amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti. Alipiga kelele ya furaha, akainuka kwa shida na magoti yake yale. "Mama! Mama yangu kaja!"

Akanikalisha, akanieleza, huku ameshika mkono wangu. Watoto wanaochunga mbuzi walikuta kitambaa chekundu na pembe kwenye kaburi. Mbuzi wa mtu wakafa, halafu mtoto wa mtu akaugua. Watu wakaanza kumkwepa kisimani. Jioni moja wakaja na mawe, wakatoboa bati, na mwenyekiti wa kitongoji akamshauri aondoke kabla hawajarudi na kitu kingine. Aliondoka na kitenge alichovaa na rozari yake. Kutoka kwenye boma alikozaliwa.

"Nimeapa mpaka kanisani kwamba si mimi," akasema. "Mama, wewe unazungukaga na watu wengi. Hujasikia ni nani aliyeviweka?"

Nikamwambia, "Hapana, shangazi. Sijui."

Nilisema hivyo. Bibi yupo nje kwenye gari langu, mkono wa binti yake uko mkononi mwangu, na mimi nikasema sijui. Kuna watu hupata aibu ya kukamatwa. Yangu ni hiyo, kwamba hakuna aliyenikamata na bado nikadanganya.

Nikajifanya nafuata mkate niliousahau garini. Siti ya mbele ilikuwa tupu. Mkanda ulikuwa umefungwa, umenyooka kifuani pa mtu asiyekuwepo, na kifungio chake kimebana vilevile nilivyokibana mimi. Juu ya siti, chini ya mkanda, kilikuwepo kitambaa chekundu kimekunjwa mara mbili. Nilitazama barabara huku na huku. Harufu ya kibuyu ilikuwa bado nzito humo ndani. Nikachokonoa kwa ufunguo mpaka kikaachia.

Nikarudi uani, nikamwekea shangazi kile kitambaa mapajani. "Ni mimi," nikasema.

Alikikunjua. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Ulikiweka kwa nini?"

"Kwa ajili ya picha, shangazi."

"Kwa ajili ya picha," akarudia, taratibu, kama mtu anayetafsiri lugha asiyoijua vizuri. Kisha akabandika maharage, akanipikia, tukala. Habari ya bibi garini nilimweleza pia. Alisikiliza, akauliza kama mama yake alikuwa amevaa sweta, nikasema ndiyo. Akasema, "Ndilo tulilomzika nalo." Aliponisindikiza alisimama mbele ya gari, akafuata zile herufi za ubavuni kwa kidole, moja moja, kusoma alijifunzia kanisani. Akaniambia nisafiri salama, na akamalizia na jina lile lililoandikwa.

Nilikwenda kwenye mkutano wa kitongoji, nikasimama mbele ya watu, nikasema kila kitu. Wengine wameamini. Wengine wanasema shangazi ameniroga ili nimsafishe, na hao ndio wenye mawe. Bati limezibwa, kwa mikono yangu mwenyewe, lakini yeye hataki kurudi na simlaumu. Kaburini sipeleki mtu. Na nikipita barabara ya Butiama, mlango wa abiria unagonga, ko ko ko, kimya. Mafundi wa Musoma wameufungua mpaka wamechoka, hawaoni kilicholegea.

Kwa hiyo wewe msafiri, ukipelekwa mahali ukaonyeshwa kaburi la bibi kizee, ukaambiwa maneno matamu ya kutisha, kabla hujatoa simu yako muulize anayekutembeza: huyo bibi aliitwa nani, na watoto wake leo wanalala wapi? Na wewe mwenzangu wa kazi hii, kama una kitambaa chako umekiacha mahali, nenda kakifungue leo. Usingoje mwenyewe aje akifungue.

Jumapili iliyopita nilimpelekea shangazi sato na unga. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akaniulizia kazi. Hana kinyongo, anasema, na namwamini. Nilipofika mlangoni akaniita nisisahau mwavuli. Akaniita kwa jina la ubavuni mwa gari.

Nikaitika, "Abee."