Mito ya Bibi na Mdomo Wangu

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mdomo uliendelea peke yake, na siku moja pale Kigwa nusura umpokonye bibi yangu mabata bukini wake wote.

Mapadri walimpa jozi moja, wakazaana wakajaa uwanja. Bibi akawa anashona mito ya manyoya, na mito hiyo ilikuwa na masharti kuliko kipaimara. Bata anachinjwa wa kuliwa tu. Kwa ajili ya mto hachinjwi. Ananyonyolewa mkavu, maji ya moto hakuna. Manyoya ya mabawa, yenye vijiti vigumu, tunatupa, yanabaki yale laini ya kifuani. Yanafuliwa kwa sabuni, yanatiwa kwenye kipande cha chandarua, yanaanikwa mpaka ukiyafinya ngumini na kufungua, yanainuka yenyewe. Yasipoinuka, bibi anakutazama kama umekojoa kitandani.

Basi memsabu mmoja wa Tabora, mume wake mtu wa reli, akaagiza mito sita. Sharti lake lilikuwa moja: manyoya yasitoke kwa ndege aliye hai. Alisema kwao wapo watu wanaomnyonyoa bata mzima mzima, halafu wanamwachia yaote tena. Bibi alishtuka mpaka akakaa chini.

Siku ya kuchukua mito akaja na gari, pamoja na mpishi wake, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani. Ukikutana na mtani usipomtukana, atadhani unaumwa.

"Wapagazi nyie!" akaanza kabla hajashuka. "Bado mnalala na mabata?"

"Tunawanyonyoa wakiwa hai," nikamjibu. "Wakiisha tunahamia kwako, mla nazi. Hebu lete kifua hicho!"

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Memsabu hakucheka. Kiswahili kumbe alikijua. Utani ndio hakuujua.

"Wakiwa hai?" akauliza.

Hapohapo, karibu na ghala, bata jike akainuka kwenye kiota chake. Kifua kitupu, ngozi nje.

Memsabu akaitupa mito kwenye mkeka. "Sichukui hata mmoja. Namwambia bwana shauri wa wilaya, mabata hawa wachukuliwe wote."

"Memsabu, huyu ni mtani wangu," mpishi akajitosa.

"Mtani ni nini?"

"Mtu wa kunitukana."

"Na wewe unafurahi?"

"Sana, memsabu."

Hapo akaona wote hatuna akili. Mimi nikaapa, nikaeleza, nikaapa tena. Kila nikifungua kinywa ananitazama vibaya zaidi.

Bibi hakulia. Alikuwa anafunga fundo la kanga, anafungua, anafunga. Heri angenipiga.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mjukuu wake, "leo umeniua. Nyamaza sasa. Mpe mgeni kigoda, umwombe amtazame huyo bata kidogo."

Memsabu akakaa, uso umekunjwa, mkoba mapajani. Bata akarudi kiotani, akageuza mayai yake, akajiweka sawa. Tukasubiri. Mara bata akainamisha shingo, akazamisha mdomo kifuani mwake, akavuta. Likatoka fungu la manyoya meupe, akalichomeka pembeni ya mayai. Akavuta tena.

"Anajinyonyoa mwenyewe?" memsabu akasema polepole.

"Anawatandikia watoto," bibi akajibu. "Mama gani atawalaza chini patupu?"

Mpishi akasema alhamdulillahi kwa sauti ya msikitini. Memsabu akasimama, akaokota mto mmoja, akaufinya, ukainuka. Akampa bibi mkono.

"Pole, mama. Nimekosea." Kisha akachungulia kiotani. "Lakini hayo ndiyo laini kuliko yote. Naweza kuyapata?"

Mimi ningesema chukua na kiota chenyewe, ilimradi aondoke! Bibi akatikisa kichwa.

"Hayo yana mwenyewe. Watoto wakishatoka, njoo."

Memsabu akacheka, akakubali, akapakia mito yote sita. Gari lilipopotelea njia ya Tabora, bibi alinyoosha miguu palepale chini, akaomba maji. Akanywa kata nzima.

"Wamebaki," akasema. "Wamebaki wote."

Nikamwongezea maji.