Maharagi Saba ya Kakule

Nakumbuka siku ya camion, ile lori ya viazi, mwanangu. Siku hizi nasahauka kwenye naweka sandali yangu, nasahauka ata jina ya padri mupya, mais ile siku naiona na mavumbi yake yote. Ikala hapa. Weka ile telefone chini kidogo, haitakufa.

Nilikusikia jana kwenye parcelle, hapa inje ya nyumba, we Masika, mujukuu wangu, mwenye kushika hesabu ya timu, uko na rafiki yako. Munaongea na ile sauti yenu ya ndege: «Kila muchezaji atakuwa na chiffre moja, hesabu moja. Moja tu! Coach anaangalia, anajua nani anaenda kucheza Beni na nani anabakia Butembo.» Nikasikia mupaka jina ya mwisho ya liste. «Kavira iko na mbili na nusu!» Na mukacheka.

Mimi sikucheka. Unanijua, nachekaka ata kwenye kilio, mupaka benye maiti banakasirika. Mais pale kicheko haikutoka. Mimi hapana mutu wa masomo, ata jina yangu ukiiandika mukubwa kwenye ukuta nitazania ni rangi tu. Lakini ile hesabu yenu, mimi niliitengenezaka mbele mama yako azaliwe. Niliitengeneza na maharagi.

Tulikuwa tunaishi Masereka. Nilikuwa musichana mwenye shingo ya jogoo, nilizania jua inatoka juu ya kuniangalia. Ndugu yangu mukubwa, Kasereka, alikuwa kapiteni ya timu ya mission. Sauti yake ilikuwa ngoma: «Siye! Batu ya mulima! Nani atatuweza?» Tulikuwa na mupira moja tu ya ngozi. Tulikuwa tunaipakaka mafuta sawa mutoto muchanga.

Basi habari ikakuja: timu moja ya Beni inatuita. Beni, mwanangu! Ile wakati kwetu ilikuwa sawa kwenda Ulaya na mukate wako mu mufuko. Tajiri moja wa viazi akakubali kubeba timu juu ya magunia yake. Mais tajiri ni tajiri. Alizunguka camion, akakuna tumbo, akasema polepole, sawa mutu mwenye anatafuna: «Nafasi... ni ya batu... kumi na tatu. Wa kumi na ine... atembee.»

Bachezaji balikuwa kumi na tatu. Na mimi, mupishi wa timu, kumi na ine.

Mutu moja alipashwa kubakia. Nani? Balibishana siku tatu. Huyu anasema ule iko muzito, ule anasema huyu ni mutoto wa katekista, tutamuacha gisi gani? Ilifika karibu na kupigana. Mimi njo nikasimama katikati, mikono kwenye kiuno: «Muache kelele. Mimi nitahesabu.»

Siku mbili za yenga, siku ya misa, timu ilicheza na majirani, na siku zote mbili nilikala pembeni ya kiwanja na kitunga, kikapu ya maharagi. Nilikata jani ya ndizi vipande kumi na tatu, nikavipanga chini, kila muchezaji na kipande yake. Mutu akitia goli, namutilia maharagi tano. Akimupa mwenzake mupira muzuri, mbili. Akinyanganya adui, moja. Akipoteza mupira bule, natosha moja, naiondoa kwenye jani. Macho yangu ilikuwa kali, hakuna kitu ilinipita. Kisha mwisho sikuangalia tena nani alifanya nini. Niliangalia tu rundo. Rundo munene, mutu munene. Rundo kidogo, mutu kidogo.

Na batu balipenda! Juma haikuisha, Masereka muzima ilikuwa inaongea maharagi. Katekista, ule alikuwa anasemea mu pua, anamukamata Kambale kwenye mulango ya kanisa: «Hmmm, Kambale, uko na makumi tatu, njo maana unachelewa misa.» Basichana benzangu, mbele ya kuuliza kijana jina yake, banauliza: «Uko na ngapi?» Kasereka alikuwa na makumi tano na kitu, akaanza kutembea sawa mutu mwenye kuvaa viatu vipya. Na mimi nilijisikia malkia, kwa sababu mimi njo nilikuwa nashika kitunga.

Sasa kulikuwa kijana moja, Kakule, mutoto wa mujane. Huyu alikuwa anabakia nyuma karibu na goli yetu, sawa mama mwenye anangojea batoto batoke masomo. Muguu yake haikukuwa na kitu ya kushangaza. Mais mudomo! Haikufungaka: «Kasereka, nyuma yako! Mbusa, shuka! Shuka nasema! Kambale, muache huyo, niko naye!» Saa zingine anakimbia kwenye mupira haiko, adui mbili banamufuata sawa kuku kwa mahindi, na Kasereka anabakia peke yake mbele ya goli. Goli! Maharagi tano, za Kasereka. Kakule? Hakuna. Hakugusa mupira. Nitamuhesabia nini, kelele?

Siku ya kutaja majina, timu yote ilisimama mbele yangu. Nilianza na munene, nikashuka. Kasereka. Kambale. Mbusa. Kila mutu nasema hesabu yake, batu banapiga mikono. Nikafika kwa mutu wa mwisho, nikanyamaza kidogo ili bacheke vizuri. Kisha nikasema: «Wa mwisho ni Kakule. Yake siisemi, mama yake asije akalia.»

Balicheka, mwanangu. Kumi na mbili bote, na Kasereka ndani. Kakule pia alicheka. Hapo njo pananichomaka mupaka leo. Alicheka, meno ikabakia inje, mais macho ilishafunga kitambo. Akainama, akasaidia kupandisha sufuria yangu kwenye camion. Sufuria yangu, unasikia? Kisha akabakia kwenye barabara mupaka mavumbi ikamufunika.

Tulifika Beni. Joto ile, siye batu ya baridi tulikuwa tunatoka jasho sawa mafuta ya mawese. Kiwanja ilijaa batu. Nikapanga majani yangu, nikaweka kitunga kwenye magoti, mupira ikaanza.

Njo nikasikia kitu. Kitu gani? Kimya. Batu ya Beni balikuwa banapiga kelele yao, mais ndani ya timu yetu, nyuma, kimya kabisa. Hakuna mwenye anaita «nyuma yako!» Kasereka anakamata mupira, adui anatokea nyuma, anamunyanganya. Natosha haragi. Mbusa hajue ashuke ama apande, iko katikati sawa mbuzi kwenye barabara. Natosha haragi. Kambale anakimbiza mutu yeye na mwenzake, bote bawili mutu moja, na ule mwingine anapita peke yake, anatia goli. Nilikuwa natosha, natosha. Kwenye jani ya Kasereka, ule wa makumi tano, nikabakisha mbili.

Balitutia goli ine. Siye, hakuna ata moja.

Kwenye kurudia tulikala juu ya magunia. Kasereka, ile ngoma yake imepasuka, akasema: «Dada, nilikuwa nangoja Kakule aniite. Dakika yote nilikuwa nangoja aniite.» Kitunga ilikuwa kwenye magoti yangu, nikaona aibu kuiangalia.

Kwetu nikamukuta mukaka, mama ya baba yangu. Alikuwa na meno mbili tu, na hakuna mutu alikuwa anasema kweli sawa yeye. Alinisikiliza mupaka mwisho, kisha akanionyesha na kidevu kuku yake kwenye kona. Ilikuwa inalalia mayai.

«Sasa we fundi wa hesabu,» akasema, na ile sauti yake ya upepo mu matundu, «ile kuku, tangu yenga tatu haijataga ata yayi moja. Inakula mahindi yangu bule. Tuichinje?»

«Hapana, mukaka. Si inalalia?»

«Kulalia ni kazi gani? Iko na maharagi ngapi?»

Nikaficha kitunga nyuma yangu.

«Unajua kuhesabu mayai,» akasema. «Joto, hauijue. Na bila joto, ile mayai yote itaoza. Tena nikuulize. Nafasi ilikuwa kumi na tatu. We mwenyewe, kwenye jani yako, ulijitilia ngapi?»

Mwanangu, sikukuwa na jani. Nilihesabu kila mutu, mimi peke yangu sikujihesabu. Ningalibakia mimi na sufuria yangu, Kakule angalipanda. Mu Beni hakukosa mutu wa kupika. Lakini mwenye kushika mizani hajipimake.

Asubui nikaenda kwa mama ya Kakule kuomba samahani. Nikamukuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa. «Alienda na mujomba yake, Manguredjipa, kwenye zahabu,» akasema. «Aliniambia: mama, hapa sina uzito. Naenda kule banapimaka vitu vidogo, pengine kule nitapimwa.»

Nilisimama pale sawa mwizi. Siku za soko, miaka mingi, ule mama alikuwa ananiuliza kama nimesikia habari yake. Hakunitukanaka ata siku moja. Afazali angalinitukana.

Sikuhesabu tena mutu. Niliolewa, nikakuja hapa Butembo, nikazaa, nikazika. Mupaka mwaka jana. Unakumbuka gisi batu balikuwa banakimbia vita upande wa Manguredjipa, moto moja, ile pikipiki, inabeba batu ine na godoro? Siku moja moto ikasimama hapa mbele ya mulango. Muzee moja akashuka na kifurushi. Nilizania ni mugeni wa jirani. Akaniangalia, akasema: «Jambo, Mama Maharagi.»

Nikajua sauti mbele ya kujua uso. Ule muzee ulimupatiaka chai, Masika, ukaniuliza ni nani, nikasema ni mutu wa kwetu. Njo yeye, Kakule.

Tulikala pale chini ya ukuta. Tukaongea bale balikufa. Kasereka, mama ya Kakule, Mbusa. Kisha akaangalia kikombe yake, akauliza polepole, sawa mutu mwenye anauliza bei ya kitu hatanunua: «Ile siku, haukusemaka. Nilikuwa na ngapi?»

Ningaliweza kumudanganya. Ningalisema makumi mbili, nani angalijua? Mais nilishamukosea na hesabu ya kweli, sikutaka nimukosee tena na ya uongo. Nikasema: «Saba.»

Akaweka kikombe chini. Akahesabu kwenye vidole vyake. Iko na vidole nane, mbili mawe ya Manguredjipa ilishakula. Akahesabu saba, kimoja kikabakia.

«Saba!» akasema. «Kumbe nilikuwa nayo saba! Miaka yote hii mimi nilizaniaka hakukukuwa ata moja.»

Na akacheka, mwanangu. Ile mara macho ilicheka pia. Mimi njo nililia.

Umeona? Mutu anaweza kubeba kitu haukumuambia uzima wake wote, na kuibeba nzito kupita gisi iko. Nilimuomba samahani. Akasema tu: «Mama Maharagi, leta chai ingine.»

Donc, basi, nisikilize sasa. Sisemi utupe hesabu yako. Macho pia inadanganyaka. Kesho coach atataka kupeleka mutoto ya shemeji yake, na chiffre yako itamukatalia. Hiyo ni muzuri, uishike. Mais hesabu ni sawa kijiko: inachota kwenye inafika. Mbele ya kusema Kavira iko na mbili na nusu, mumutoshe kwanza kwenye mazoezi, mucheze bila yeye. Uhesabu bengine. Uangalie rundo ya nani inapunguka wakati yeye haiko. Utege na masikio, usikie kama kunaingia kimya. Ukiona mayai ya bengine inapoa, ujue joto ilitoka wapi. Kidole moja haiuake chawa, na kile kidole cha nyuma, chenye haukioni, njo kinasukuma.

Na ukimaliza yote hiyo na Kavira bado ni wa kubakia, basi abakie, si kila mutu atapanda camion. Lakini uende wewe, na muguu yako, mupaka kwao. Umuambie hesabu yake kwa mudomo yako, na umuambie kitu chenye hesabu haikuona. Hapana kucheka jina ya mutu mbele ya benzake. Kicheko ile ya batu kumi na mbili, Kakule aliibeba mupaka kwenye shimo ya zahabu.

Na mbele ya kupima mutu yeyote, ukate jani yako mwenyewe, uiweke chini na zingine.

Sasa kamata telefone yako, naona mikono inakuwasha. Nyamuhanga, Mungu wetu, akupe macho ya kuhesabu na masikio ya kusikia kimya. Akutangulie njia ya Beni na akurudishe muzima. Na siku yako ya kupimwa ikifika, mwanangu, kwani itafika, akukutanishe na mutu mwenye kujua kuhesabu joto.