Sista Pasi na Binti wa Mwenzake

Alizaliwa kitinda mimba wa fundi saa, katika chumba kimoja nyuma ya duka, na tangu utotoni wivu ndio uliokuwa msalaba wake. Tusimpambe. Mama yake alipompakata mtoto wa jirani, yeye alilia hadi akapaliwa. Alipoweka nadhiri za utawa alidhani gere ameiacha mlangoni. Kumbe aliingia nayo.

Alipewa darasa la wanafunzi wenye ulemavu, akawafundisha kufua na kunyoosha nguo. Wakamwita Sista Pasi, ingawa wapo waliosema jina hilo lilitokana na alivyowaka upesi. Miongoni mwao alikuwamo msichana mzito wa kuelewa, aliyejifunza shati moja kwa miaka, kola kwanza, kisha mikono, na Sista alimpenda kupita wote. Msichana alipomaliza shule, mama yake muuza mboga alikuja kumchukua. Msichana akaiacha pasi juu ya kitambaa, akamrukia mama shingoni. Roho ikamuuma Sista.

"Huyu abaki hapa," alisema. "Kwako atasahau yote. Utamvalisha hata viatu!"

"Namvalisha kwa kuwa hakuna aliyenionyesha njia nyingine," mama akajibu. "Mwanangu umemfundisha miaka yote hii, Sista. Mimi umenifundisha lini?"

Swali hilo ndilo lililokuwa wito wake mpya. Alilia kanisani kwa hasira, kisha akaenda nyumbani kwa msichana. Akamketisha mama na shangazi wa msichana kwenye benchi, akawaamuru wakalie mikono yao, msichana afanye kazi peke yake. Shati la kwanza likaungua. Msichana akageuka kutafuta msaada, akamtazama mama yake, wala si Sista. Hapo Sista akaruka kuishika pasi.

"Na wewe kalia yako, Sista," mama akamwambia.

Akaikalia, machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo aliingia nyumba nyingi za wanafunzi wake, akizizoeza familia kumtuma kijana wao dukani, kumtafutia wateja, kumwacha akosee. Kila nyumba ilimwachia kidonda, kwani kadiri alivyofaulu ndivyo vijana walivyomhitaji kidogo. Kila alipoungama wivu wake, padri alimuuliza, "Lile lile tena?" Naye alijibu, "Lile lile, Baba."

Alipougua mapafu, akiwa mzee, msichana yule, sasa mama mtu mzima mwenye chumba chake cha kunyoosha nguo, alikuja kumwona.

"Leo usiondoke, mwanangu," Sista alimsihi.

"Siwezi, Sista. Mama ananingoja, na wateja wangu wanakuja asubuhi."

Masista waliokuwapo walimwona akiugeuza uso ukutani, mkono wake ukiwa umeking'ang'ania kiganja cha yule mwanamke. Kisha akakiachia. "Haya, nenda," alisema. "Usiwacheleweshe watu."

Alifariki kabla hakujapambazuka. Waamini huulizia miujiza yake, na sisi huwasimulia huo mmoja wa mkono ulioachia. Hakuponywa wivu, aliuma meno, akafungua mkono. Wazazi, walezi na walimu, tumuige tungali hai, maana watoto wetu wana kazi ya kwenda kufanya.